Fisi Tumemsingizia

Kuna methali mbili ambazo, laiti ningekuwa na mamlaka, ningezifungia kabatini kwa miaka 20 hivi mpaka tujifunze kuzitumia. Ya kwanza ni ile isemayo kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Ya pili ni mshika mawili, moja humponyoka. Sina ugomvi na wahenga. Ugomvi wangu ni na watu wa leo waliozigeuza methali hizi kuwa rungu, na rungu lenyewe wanampigia mtu mmoja tu: kijana wa miaka 18 mpaka 25, wa Tandika, Mbagala, Manzese au Tandale, aliyeonekana na hatia ya kupenda vitu viwili, muziki na kitu kingine.

Nasema mtu mmoja tu kwa sababu sijamsikia yeyote akimwambia mbunge mwenye shamba, duka la vifaa vya ujenzi na nyumba tatu za kupangisha kuwa njia mbili zilimshinda fisi. Mwalimu akifuga kuku wa mayai nyuma ya nyumba yake tunamsifu kuwa ni mtu wa maarifa. Mama lishe mwenye kibanda, upatu wa kila Ijumaa na watoto wanne wa shule hatumwiti fisi. Lakini kijana akishika gita, au siku hizi kompyuta ya kutengenezea midundo, na mkono wa pili akashika daftari la chuo, ukoo mzima unakaa kikao.

Hebu tumtazame huyo fisi mwenyewe. Tulivyosimuliwa, alifika njia panda akanusa nyama kila upande. Akataka kwenda kushoto na kulia kwa dakika ileile, mguu huu huku na mguu ule kule, akapasuka msamba. Basi. Hadithi haisemi kuwa alikwenda kushoto asubuhi akarudi, akaenda kulia jioni, ndipo akapasuka. Fisi hakuwa na Jumatatu wala Jumamosi. Binadamu anazo, na anapewa saba kila wiki bila kuziomba.

Hao ndio wazee, nami ni mmoja wao kwa umri. Lakini upande wa pili wamezuka waheshimiwa wengine ambao nitawasema bila woga pia. Hawa ni wahamasishaji. Wanakodi ukumbi Kinondoni au Sinza, wanasimama na kipaza sauti, siku hizi wanaingia hata kwenye simu za watoto wetu, na wanawaambia: acha chuo, acha kazi ya kuajiriwa, jitose. Ukiwa na mguu mmoja nje, wanasema, hujaamini ndoto yako. Mfano wao mkubwa ni Diamond Platnumz, mtoto wa Tandale. Husimulia kisa chake wakianzia pale kilipokwishakuwa kitamu. Ile miaka ya kuuza mitumba huku akitafuta senti za kuingilia studio wanairuka, au wanaitaja haraka kama adhabu aliyopewa na dunia kabla ya kuokolewa. Kumbe miaka ile alikuwa akifanya kilekile wanachowakataza wanaowasikiliza: alishika mawili.

Baba mkali na mhamasishaji wanadhani wanapingana. Mimi nawaona ni mapacha walionyonya ziwa moja. Wote wawili wanaamini kuwa maisha ya mtu yana nafasi ya kitu kimoja, na kwamba kijana asipokitaja leo, mbele ya kadamnasi, basi amepotea. Wanachogombania ni kitu gani kitajwe. Nami nasema uongo wao ni mmoja. Nitautolea ushahidi kwenye muziki wenyewe, kwa sababu ndiko waliko mashahidi wengi.

Niseme kwanza ni muziki gani. Nilikulia Temeke, na hadi leo, kama ningeambiwa nibaki na muziki wa aina moja tu, ningechukua dansi la Dar es Salaam la miaka ya mwisho wa 1970 mpaka katikati ya miaka ya 1980: Mlimani Park, Msondo, Vijana Jazz ya marehemu Hemedi Maneti, Dar International ya marehemu Marijani Rajab. Tukiwa watoto tulisimama nje ya ukuta wa TCC Club Chang'ombe, kwa kuwa kiingilio kilikuwa cha watu wazima na senti zake, tukasikiliza. Nje ya ukuta husikii maneno vizuri, ila besi unaisikia kwa unyayo. Wimbo ulianza taratibu, mwimbaji akieleza shida yake kama mtu aliyekuja kushtaki kwa mjumbe: mke kaondoka, rafiki kageuka, mwajiri kamfukuza. Magita matatu yalijibizana bila kuingiliana, kila moja likijua nafasi yake. Halafu, unapodhani kesi imekwisha, hufika lile chemko, tarumbeta na saksafoni zinaingia, na watu waliokaa wote wananyanyuka. Sijapata kuona jambo jingine lililonifundisha subira kama nyimbo zile. Huwezi kurukia chemko. Lazima kwanza usikilize shauri.

Sasa, waliokuwa wakitupigia muziki ule walikuwa kina nani?

Walikuwa waajiriwa. Hili ndilo ambalo mapacha wetu hawalijui, au wanajifanya hawalijui. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 na chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walilipwa mshahara wa mwezi kama makarani. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, na baadaye OTTU mwanzoni mwa miaka ya 1990, bendi ilibadilika jina pamoja nacho, mpaka ikabaki kuwa Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo maana hadi leo tunaiita DDC. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Mabasi ya UDA yalikuwa na UDA Jazz. Polisi walikuwa na bendi, Magereza walikuwa nayo, na Jeshi la Kujenga Taifa pia. Yaani mtu angeweza kuwa askari mwenye namba ya kikosi na papo hapo akawa mpiga solo anayetungiwa sifa mtaani.

Kabla ya hapo ilikuwa hivyohivyo kwa sura nyingine. Dar es Salaam Jazz, iliyoanza mwaka 1932, na klabu zilizoifuata zilikuwa za watu waliofanya kazi mchana na kukutana jioni. Ng'ambo ya bahari, Unguja, klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905, na kwa zaidi ya miaka 100 imeendeshwa na watu wenye shughuli zao nyingine: makarani, mafundi, wafanyabiashara. Siti binti Saad aliuza vyungu kabla hajauza santuri. Hata tukitoka kwenye muziki, Shaaban Robert aliandika sehemu kubwa ya kazi zake akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, kuanzia idara ya forodha. Mtu amwendee kaburini amwambie mshika mawili moja humponyoka.

Najua atakayenijibu. Ataniambia: bwana, hao wa bendi za mashirika hawakushika mawili, muziki ndiyo iliyokuwa kazi yao. Jibu hilo lina ukweli nusu. Kweli wengi waliajiriwa ili wapige muziki. Lakini tazama ajira ile iliwapa nini. Iliwapa mshahara ambao haukutegemea watu wangapi wamelipa kiingilio Jumatano ya mvua. Iliwapa vyombo, na nchi ilipokaukiwa fedha za kigeni mwanzoni mwa miaka ya 1980, gita la umeme na amplifaya havikuwa vitu vya kununuliwa na kijana wa Keko kwa fedha zake za mfukoni. Iliwapa pia mazoezi ya mchana, yenye saa ya kuanza na faini kwa aliyechelewa. Hakuna aliyeambiwa achague kati ya kula na kuimba. Kwa muda huo mfupi tuliwaondolea vijana wa mji huu swali hilo la kipumbavu, na tazama walivyotunga!

Sisemi palikuwa peponi. Vyombo vilikuwa mali ya shirika, na siku mwimbaji alipogombana na uongozi aliondoka na sauti yake tu, ndiyo maana wanamuziki wetu walihama bendi kama daladala na abiria wake. Redio ilikuwa moja, ya serikali, mpaka mwaka 1994 ilipoingia Radio One, na wimbo uliorekodiwa pale ulipigwa miaka na miaka bila mtunzi kupata cha maana. Kisha mageuzi ya uchumi yaliyoanza mwaka 1986 yakayafikia mashirika yenyewe. Shirika lisiloweza kulipa wapiga chapa wake halitalipa mpiga tumba. Bendi zikatupwa moja baada ya nyingine, nyingine zikafa, nyingine zikaangukia kwa mwenye baa aliyenunua vyombo na kuwalipa wapigaji kwa kadiri ya bia zilizouzwa.

Hapo ndipo wazee wanapomtaja marehemu Muhidin Gurumo. Mtu huyu aliimba NUTA Jazz, akawa miongoni mwa walioianzisha Mlimani Park, akapita Orchestra Safari Sound, akarudi Msondo. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa ameimba karibu nusu karne, na mwaka huohuo Diamond akamzawadia gari. Alifariki Aprili 2014. Baba mkali anasema: unaona? Nusu karne ya muziki, halafu gari unapewa na mtoto. Mhamasishaji naye anasema: unaona? Mtoto aliyejitosa ndiye mwenye gari la kutoa. Nimesikia kauli zote mbili kwenye daladala moja, kati ya Mtoni kwa Aziz Ali na Rangi Tatu. Mimi ninachokiona pale ni hesabu ambayo haikufungwa. Mzee yule alifanya kazi, kazi ilisikika kila siku nchi nzima, na hakuna daftari lililoandika anadaiwa nani. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya mwaka 1999. Kufikia mwaka huo nyimbo zake nyingi tulizozipenda zilikuwa zimekwishapigwa bure kwa miaka 20. Kosa la Gurumo, kama analo, si kuimba.

Nizungumze sasa na nafsi yangu, maana nisipofanya hivyo nitaambiwa natetea njia ambayo sikuipita.

Mwaka 1989, nikiwa na miaka 20, niliajiriwa karani wa ghala katika kampuni moja ya Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere. Kazi ilianza saa moja na nusu asubuhi mpaka saa tisa na nusu. Jumanne, Jumatano na Alhamisi jioni nilisoma uhasibu Kariakoo, nikijiandaa kwa mitihani ya Bodi ya Wahasibu. Jumatatu jioni tulifanya mazoezi ya bendi yetu ndogo ya mtaani nyuma ya Wailes, mimi nikipiga besi isiyokuwa yangu. Ijumaa nililala. Jumamosi usiku na Jumapili mchana tulipiga kwenye baa, tukigawana kilichobaki baada ya mwenye baa kukata chake, ambacho kwa kawaida kilitosha nauli na mishikaki.

Kila mtu alinitabiria kupasuka msamba. Shangazi yangu alinitabiria kwa majina ya magonjwa. Kilichotokea ni kwamba mitihani ambayo wenzangu waliimaliza mwaka 1993, mimi niliimaliza mwaka 1995. Miaka miwili. Hiyo ndiyo bei niliyolipa, nailiza hapa wazi ili mtu asidhani nauza bidhaa isiyo na bei. Kwa miaka hiyo miwili nilipata miaka sita ya besi, na kusema kweli besi ndiyo iliyonisomesha urari. Mpiga besi hasikiki mpaka akosee. Kazi yake ni kuhesabu na kuhakikisha kuwa upande huu unalingana na ule, wakati mpiga solo anafanya madaha. Mwalimu wetu wa uhasibu alipoeleza kuwa kila kinachoingia lazima kiwe na mahali kilipotoka, mimi peke yangu darasani nilicheka, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa hivyo hivyo Jumatatu na mpiga dramu, kwa matusi.

Mwaka 1991 mkuu wangu wa kazi alinipa barua ya onyo. Si kwa leja, leja zangu zilikuwa zimefungwa tarehe 2 ya mwezi kama ilivyotakiwa. Onyo lilisema nimeonekana jukwaani Jumamosi usiku, jambo lisiloendana na hadhi ya ofisi. Jumamosi mbili baadaye nilimwona mkuu huyohuyo ukumbini, amelegeza tai, anacheza tena vizuri kuliko nilivyotegemea. Tulisalimiana kwa macho. Barua ile ninayo mpaka leo. Yaani mwajiri alitaka muziki uwepo, alitaka uwe mzuri, na alitaka usipigwe na mtu anayemjua.

Nilikuwa na marafiki wawili katika bendi ile. Mmoja, mpiga solo, aliacha kazi yake ya ufundi cherehani mwaka 1992, baada ya mwenye baa mmoja kumwahidi mshahara na bendi kamili. Mwenye baa aliuza vyombo baada ya miezi saba. Rafiki yangu hakurudia cherehani kwa aibu, maana alikuwa ameaga kwa kishindo, na aliyeaga kwa kishindo hana mlango wa kurudia. Wa pili, mwimbaji, ndiye aliyekuwa na kipaji kutuzidi sote. Baba yake alimtaka achague, akachagua kama alivyoamriwa. Akaacha kuimba kabisa, hata harusini, akasoma, akapata cheo kizuri serikalini. Nilikutana naye miaka michache iliyopita kwenye msiba Chang'ombe. Redio ya jirani ilipiga wimbo wa Sikinde tuliokuwa tukiupiga zamani. Akanyanyuka akaenda kukaa upande wa pili wa turubai. Sitii neno hapo.

Ndiyo maana miezi michache iliyopita, dada yangu aliponipigia simu kuwa kuna kikao Mbagala kuhusu mtoto wake, nilikwenda nikiwa nimevaa kabisa. Sisi Wazaramo, hata tukijifanya watu wa mjini, mjomba bado ana kauli.

Mpwa wangu ana miaka 21. Anasoma ufundi umeme VETA Chang'ombe, na usiku wa mwisho wa wiki anapiga singeli. Kwa msomaji wa rika langu ambaye bado anaziba masikio: singeli ni muziki wa watoto wa Manzese, Tandale, Mburahati na Temeke, uliokulia kwenye vigodoro, mapigo yake yanaweza kufika 200 hata 300 kwa dakika. Sisi tulipoona ni kelele, watu wa Kampala waliona mali: mwaka 2017 mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati ulitolewa na kampuni ya huko, na mwaka uliofuata vijana wale walikuwa wanapanda majukwaa ya Ulaya. Mimi binafsi siupendi sana, natafuta lile shauri kabla ya chemko silioni, ni chemko tupu kuanzia mwanzo. Lakini kutoupenda kwangu si hoja ya kumwendesha mtoto wa watu kikaoni.

Baba yake mkubwa alifungua kikao kwa fisi. Sikutegemea vingine. Alizungumza kama nusu saa, akamaliza kwa kumwambia kijana: leo, mbele ya wazee wako, chagua. Umeme au hizo kelele.

Kijana aliinamisha kichwa, akanyamaza kwa adabu. Nikaomba ruhusa kwa shemeji, nikamwuliza swali moja: wewe umesema unaacha chuo?

"Hapana, mjomba. Sijasema naacha chuo. Hakuna aliyeniuliza."

Msomaji, lisome tena jibu hilo. Watu wazima saba walikuwa wameacha shughuli zao, soda zimenunuliwa, kuku amechinjwa, kumwokoa mtoto asiache kitu ambacho hakuwa na nia ya kukiacha. Na tulipoendelea kumwuliza, badala ya kumwambia, tukajua mengine. Anayetengeneza spika na amplifaya za vigodoro vya Charambe yote ni yeye, kwa elimu ileile ya VETA. Fedha za matengenezo hayo ndizo zilizolipa ada ya muhula uliopita, wakati baba yake akidhani zimelipwa na mama na mama akidhani zimelipwa na baba. Yaani ile njia ya kushoto ndiyo iliyokuwa inamnunulia viatu vya kutembelea njia ya kulia.

Baba mkubwa hakukubali. Alisema, na hoja hii ina uzito kuliko methali zake zote, kwamba usiku wa vigodoro una bangi, una visu, na una wasichana wadogo ambao hawakupaswa kuwa pale, ndiyo maana serikali imewahi kuvipiga marufuku. Hapo yuko sahihi, na mtu akizungumza hivyo nakaa naye mpaka alfajiri. Hatari ya mahali ni jambo la kujadiliwa: saa ngapi arudi, arudi na nani, kipi akikatae. Lakini hatari ya mahali ni kesi moja, na kupenda vitu viwili ni kesi nyingine. Tunapozichanganya tunamfundisha kijana kuwa sisi hatuogopi visu, tunaogopa ngoma yake. Akishaamini hivyo hatatuambia tena visu viko wapi.

Kuna swali jingine niliulizwa na dada yangu, kwa sauti ndogo, tulipokuwa tunaagana: je, haifiki siku ambayo lazima mtu achague? Hufika. Wako ambao muziki wao hukua mpaka ukajaza wiki nzima na kulipa kodi ya nyumba, nao huacha kazi, na huwa wamefanya vyema. Wako ambao shahada yao au ndoa yao hudai saa zote kwa mwaka mzima, nao huning'iniza gita ukutani kwa mwaka huo. Lakini siku hiyo huonekana kwenye hesabu: kilichoingia, kilichotoka, saa za kulala zilizobaki. Haipangwi na baba mkubwa Jumapili baada ya kuku. Wala na mhamasishaji aliyelipwa kiingilio.

Wala tusimsahau mtoto wa kike, ambaye rungu kwake lina ncha tatu. Yeye huambiwa achague kati ya shule, wimbo na mume, na mara nyingi mume ndiye anayechaguliwa kwa niaba yake. Wanawake wa taarabu wa miaka ya 1990, kina Khadija Kopa, waliokuwa wakijaza kumbi za mji huu siku za upinzani wa TOT na Muungano, wengi walikuwa mama wa watoto na wenye nyumba za kuangalia. Tuliwatunza kwa noti za kichwani, kisha tukarudi nyumbani tukawakataza binti zetu.

Ninachokitaka si kikubwa. Namtaka mzazi, kabla ya kuitisha kikao, aulize. Namtaka mwajiri asome leja kabla ya kusoma uvumi wa Jumamosi. Vyuo vyetu vifundishe pia jioni, maana mimi bila yale madarasa ya Kariakoo ningekuwa kweli fisi. Na wewe mwenye baa, mwenye basi, mwenye redio, unayepiga nyimbo za vijana hawa kutwa kucha: lipa. Mwaka 2010 na 2015 wananchi wa Mbeya Mjini na Mikumi waliwapeleka bungeni Sugu na Professor Jay, watu waliowahi kuitwa wahuni kwa kurap, kwa hiyo tusiambiwe kuwa nchi hii haijui thamani ya kazi hiyo. Inaijua. Inachelewa tu kufungua pochi.

Nimemnunulia mpwa wangu daftari la hesabu, lile refu lenye mistari miekundu. Upande mmoja anaandika chuo, upande mwingine singeli: fedha, saa, na usingizi. Mwezi wa kwanza usingizi ulikuwa mdogo mno, tumekata Ijumaa. Shemeji yangu amelitazama mara mbili akidhani simwoni. Baba mkubwa ametaka tukutane tena baada ya mfungo, na safari hii amesema ataleta na kaka yake wa Kisarawe. Nitakwenda. Daftari nalo litakwenda.